Konda wako anaelea? Usiongeze fremu!

Acha. Usiguse hiyo kompyuta. Nimesoma swali lako: konda wa katuni unayochora akiruka kutoka kwenye daladala ya Kwa Mrombo anaelea kama puto, na sasa unataka kumchora upya kwa fremu (picha zinazopita kwenye skrini) 60 kwa sekunde badala ya 24 ili "awe laini". Maneno hayohayo niliambiwa mimi, yakanimaliza.

Nilikuwa Moshi, nimepata tangazo la sekunde 20 la mfanyabiashara wa kahawa. Kuli anasukuma gunia, linadondoka kutoka kwenye lori. Basi. Mzee akatazama kwenye simu, akaniuliza, "Kijana, humu mna kahawa au usufi?"

Nikakimbilia kwa mwalimu wangu, yule bwana aliyenitoza 150,000 kwa kozi ya wiki tatu ambayo nusu yake alikuwa anaongea na simu. Hata video hakuimaliza. "Fremu chache hizo, peleka 60." Nikapeleka! Picha 480 zikawa 1,200, zote kwa mkono. Wiki tatu silali, mke wangu ananiuliza kama nimepata mwingine. Nimepata, ndiyo: gunia.

Mzee akatazama tena. Usufi uleule, ila sasa laini. Kazi akampa mtu mwingine na malipo ya awali nikarudisha.

Siku moja nikaenda kusukuma gunia halisi kwenye gari la rafiki yangu, narekodi kwa simu (majirani walidhani naiba). Kutoka urefu wa mita 1.2, linafika chini kwa nusu sekunde. Nusu! Yaani fremu 12 kati ya 24. Mimi kwenye katuni nilikuwa nimelipatia gunia sekunde nzima, na kila fremu linashuka sentimita 5 zilezile. Nilipoenda 60, likawa linashuka sentimita 2 zilezile kwa sekunde ileile. Mwalimu wangu aliniuzia chujio la kuchuja maji safi.

Kitu kinachodondoka hakishuki sawasawa. Katika fremu 6 za kwanza gunia langu lilishuka kama sentimita 30, na katika 6 zilizofuata likamaliza 90 zilizobaki. Picha za juu zinabanana, za chini zinaachana. Hapo ndipo uzito ulipo, mkuu, wala si kwenye wingi wa fremu. Nilichora upya picha 6 tu, kila moja inakaa fremu mbili, usiku mmoja. Likatua puu! Mzee alikuwa ameshamlipa yule mwingine.

Kwa hiyo konda wako: ngazi ya sentimita 40 ni fremu 7 hivi mpaka chini. Wewe umempa ngapi, 20? Halafu gari linatembea, kwa hiyo mwili wake bado unakwenda mbele. Akitua asimame wima kama mlingoti nani atakuamini? Mpe hatua tatu nne za mbio, fremu 6 hadi 8 kwa hatua.

Uliuliza pia programu gani na utoze bei gani. Programu yoyote, achana nayo. Bei... tutaongea. Na nikisema fremu sisemi zile za maduka ya kupangisha pale Mbuyuni, ingawa nazo zimenitia hasara.

Kesho asubuhi nenda stendi, rekodi makonda watatu wakishuka, hesabu fremu moja moja, andika kwenye karatasi, ndipo uchore. Ila waombe ruhusa kwanza. Wa kwangu alidhani mimi ni trafiki, akakimbia na chenji yangu.