Kifaa cha mkononi cha kutafutia hereni mchangani

Dada, umeuliza uchague kifaa gani cha mkononi cha kutambua metali (pinpointer): kwa hereni na mikufu ufukweni, usibabaishwe na kina ambacho kifaa kinafikia. Ukishachimba, hereni iko hapo hapo kwenye kiganja cha mchanga. Angalia unyeti (wepesi wa kusikia metali) unaoweza kupandisha na kushusha, na kifaa kisiingie maji.

Mimi natumia Garrett Pro-Pointer AT, ile ya rangi ya chungwa: ngazi 3 za unyeti, inazama hadi mita 6, betri ya volti 9. Mchanga wenye maji ya chumvi huipigisha kelele ovyo. Gusisha ncha mchangani, bonyeza kitufe mara moja, itatulia.

Kabla hujalipa ijaribu kwa hereni yako mwenyewe. Mkufu mwembamba ndio msumbufu, mara nyingi inasikia kishikizo tu.