Re: Barabara namba 12 ya Utah inapita wapi?
Mkuu, umeuliza barabara ya jimbo namba 12 kule Utah, Marekani, inapita wapi na kwa nini inasifiwa hivyo. Inaachana na barabara kuu ya US 89 karibu na mji wa Panguitch, inapenya matundu mawili yaliyotobolewa kwenye miamba myekundu ya Red Canyon, inapita jirani na hifadhi ya Bryce Canyon, kisha miji midogo ya Tropic, Escalante, Boulder, na kuishia Torrey. Kama kilomita 198 hivi.

Utamu wenyewe uko Escalante kwenda Boulder. Boulder ilikuwa kama kisiwa: hadi karibu 1940 barua zilibebwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi, siyo wale wa Serengeti). Vijana wa CCC, mradi wa ajira wa Rais Roosevelt, walichonga njia ya juu ya Hell's Backbone mwaka 1933, ila theluji ikawa inaifunga. Ndipo ikaja hii ya chini. Pale Hogback lami imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, korongo kushoto, korongo kulia. Mandhari waachie abiria. Kipande cha mlimani hadi Torrey kimepata lami 1985 tu.

Jaza tangi mapema, na usiku punguza mwendo, ng'ombe huzurura barabarani.