Karuhusiwa baada ya sindano 3? Fungua huo mseto leo hii

Dada wa Nanyamba, weka simu chini, kampe mtoto kidonge, halafu ndio urudi usome.

Umeandika mambo matatu kwa mkupuo. Mwanao wa miaka 3, kilo 14, alilazwa kwa malaria kali, kachomwa sindano ya malaria iitwayo artesunate mara 3, jana jioni karuhusiwa, homa hana, anakimbiza kuku. Pakiti ya mseto (vidonge vya ALu, yaani atemeta na lumefantrini) mliyopewa mlangoni bado hamjaifungua kwa sababu jirani mwenye duka la dawa kasema "sindano ndiyo dozi yenyewe, hivyo vidonge tunza vya siku nyingine". Unauliza pia dripu ya kumrudishia nguvu na hiyo dawa mpya uliyoisikia redioni.

Maneno hayo ya jirani niliambiwa na mimi, karibu neno kwa neno, na mtu mwenye duka vilevile, nikayameza badala ya dawa. Malaria ilirudi kabla mwezi haujaisha. Vidonge vilikuwa juu ya kabati, vimetunzwa vizuri kweli.

Sindano humnyanyua mtoto, mseto ndio unaomponya. Shika hilo hata kama mengine yote hapa utayasahau.

Artesunate inaua vimelea kwa kasi kubwa mno, ndiyo maana aliyekuwa akidegedeka juzi leo yuko uwanjani. Ila haikai mwilini. Ikishaingia kwenye damu inageuka dihidroatemisinini, ambayo ndiyo hasa inayoua vimelea, na hiyo nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Sindano ya mwisho ya asubuhi, usiku hakuna kitu. Vimelea navyo vina mzunguko wa takriban saa 48 kuzaliana, kwa hiyo sindano 3 za ndani ya siku moja zinakuta kundi kubwa na kulipunguza sana, lakini hazilimalizi. Wa kusafisha mabaki ni lumefantrini iliyomo kwenye mseto, ambayo hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa.

"Lakini kipimo cha mwisho kilisema hakuna vimelea." Sawa. Mtaalamu mzuri wa maabara, kwa darubini nzuri, huanza kuviona vikifika kama 50 kwenye mikrolita moja ya damu. Mtoto wa kilo 14 ana damu kama lita moja na kidogo, yaani mikrolita zaidi ya milioni moja. Piga hesabu mwenyewe: anaweza kuwa na vimelea milioni 50 huku karatasi inasema hana hata kimoja. Na usikimbilie kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole ili "kuhakikisha", maana chenyewe husoma protini ya vimelea inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kitakutisha bure. Homa ikirudi ndani ya mwezi, omba darubini.

Sasa huyo mwenye duka atakwambia utafiti umethibitisha sindano ni bora. Ni kweli, na ndipo anaponikera, maana ameishika nusu ya habari. Jaribio la AQUAMAT, lililotoka 2010, lilihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliochomwa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, wa artesunate 8.5. Hapo ndipo kwinini ilipoondolewa nafasi ya kwanza. Lakini utaratibu wa jaribio lenyewe ulikuwa hivi: sindano kwa angalau saa 24, mtoto akiweza kumeza anapewa dozi kamili ya mseto. Hakuna aliyepima "sindano 3 kisha nyumbani mikono mitupu". Ushindi anaoutangaza ulipatikana na vidonge vikiwemo.

Tena kuna mradi wa CARAMAL, uliofuatilia watoto wa Kongo, Nigeria na Uganda kuanzia 2018, wale wanaowekewa artesunate kwa njia ya haja kubwa kijijini kabla ya kupelekwa hospitali. Dawa ni nzuri, ila vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Walipochungulia matibabu ya mbele wakakuta mapengo: wapo ambao hawakufikishwa kabisa, na wapo waliofika, wakachomwa, wakarudi bila mseto. Na huko Karagwe, Kagera, kumeshaonekana vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H, vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hii. Ukiviachia artesunate peke yake, nusu dozi, unavifundisha kuishinda dawa.

Huyo jirani namfananisha na mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho zako kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Anakupunguzia shida ya leo kwa maneno matamu, msimu ukifika anayelia ni wewe.

Haya, namna ya kumpa. Kilo 14 ni kidonge 1 kwa mara moja, jumla 6. Angalizo: kuanzia kilo 15 ni vidonge 2, kwa hiyo uzito ni wa mzani wa kliniki na si wa kukadiria kwa umri wala kwa kumbeba. Cha kwanza sasa hivi. Cha pili baada ya saa 8: ukimpa saa 4 asubuhi, cha pili ni saa 12 jioni. Kesho na keshokutwa asubuhi na jioni. Kiponde kwenye kijiko na maji kidogo kama hawezi kumeza.

Na ale kitu chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini tumboni bila mafuta hupita tu. Uji mtupu hautoshi. Saga korosho chache uchanganye kwenye uji, au mpe maziwa, karanga, wali wa nazi. Kidogo tu kinatosha. Kwa nchi ya korosho kama yetu, mtoto kumeza mseto na uji mtupu ni aibu ya mkoa mzima. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia kidonge kizima, kisha kachukue kingine zahanati ili idadi isipungue. Kosa la kawaida ni jioni ya siku ya 2: mtoto mzima, mama kachoka, kidonge kinaachwa.

Baada ya hapo bado usimsahau. Wiki ya 1 hadi ya 3 baada ya artesunate, baadhi ya wagonjwa damu hupungua ghafla. Sababu ni kwamba bandama huchomoa vimelea vilivyokufa na kuzirudisha chembe nyekundu kwenye mzunguko, lakini chembe hizo zimechakaa na huvunjika kabla ya wakati wake. Mpeleke apimwe wingi wa damu siku ya 7 na ya 14. Viganja vikiwa vyeupe, macho ya njano, au mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, usingoje tarehe.

Dripu? Mtoto anayekimbiza kuku ana mdomo, mpe maji na uji. Jaribio la FEAST la 2011, watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, lilionyesha kwamba wagonjwa mahututi wenye homa waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa: kama 10.6 dhidi ya 7.3 katika kila 100 ndani ya saa 48. Dripu ni dawa, ina sababu yake na kipimo chake. Haiuzwi kwa ajili ya "nguvu".

Ile dawa mpya ya redioni nadhani ni ganaplasidi na lumefantrini, jaribio la KALUMA, matokeo yalitangazwa Novemba 2025. Ni ya malaria isiyo kali, na hata yenyewe inamezwa siku 3. Siku 3, dada! Hakuna njia ya mkato hata huko Uswisi, kwenye makao ya kampuni inayoitengeneza.

Umempa cha kwanza saa ngapi? Andika hapa nikuhesabie cha pili.