Nataka kazi ya kutunza mbwa, nianzie wapi?

SWALI

Jambo Mama. Niko na miaka 20, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilipata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka jana, sehemu ya ualimu, lakini moyo wangu uko kwa wanyama, zaidi mbwa. Baba anasema hakunisomesha ili niende kuosha mbwa wa watu. Pesa ya kuingia fakilte ya veterineri sina kwa sasa. Niliona picha za mbwa wa hifadhi ya Virunga wanaofuata harufu ya majangili, na tangu siku ile siwazi kitu kingine. Nianzie wapi, Dokta? Tena, mwezi wa tatu nilipoteza mtoto wangu wa mbwa, Simba. Alitapika, akaharisha damu, siku tatu akafa. Nyumbani wanasema jirani alimtilia sumu, na mimi simsalimu tena. Naweza kuleta mwingine?
K., Katuba

JIBU

Mwanangu K., mimi si dokta. Mimi ni msaidizi. Miaka 23 sasa ninashika wanyama ili daktari awadunge, ninaosha vibanda vyao, ninawapikia, na walio wagonjwa ninakesha nao. Nakusahihisha mapema kwa sababu katika mitaa yetu kila anayetembea na sindano mfukoni anaitwa dokta, na wanyama wanakufa kwa ajili ya jina hilo. Nalijua vizuri, maana hata mimi niliua.

Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa nimefanya miezi minne tu kwa daktari mmoja wa wanyama pale Kamalondo. Jioni moja mama wa mtaani kwetu akaniletea paka wake, ana joto, hataki kula. Ningemwambia asubiri asubuhi tumwone daktari. Lakini aliniita dokta mbele ya watu, na mimi nikaitika. Nilivunja kidonge cha parasetamoli nikampa paka nusu, nikifikiri kinachoshusha homa ya mtoto kitashusha na ya paka. Usiku ufizi wake uligeuka rangi ya udongo, uso ukavimba, akawa anahema kama aliyekimbizwa. Hakufika asubuhi. Baadaye daktari alinieleza kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, inabaki mwilini na kuiharibu damu mpaka haibebi tena hewa. Yule mama alinishukuru kwa kujaribu. Shukrani zile bado zinaniuma.

Kwa hiyo anza kazi mwaka huu huu, usingoje pesa ya chuo, lakini anza na ndoo na burashi. Sindano iache mikononi mwa waliosomea mpaka nawe uisomee.

Baba yako anadharau kuosha mbwa kwa sababu hajui mikono inakutana na nini pale chini ya povu. Anayeosha mbwa ndiye wa kwanza kukuta kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu. Ndiye anayegusa kivimbe kidogo karibu na chuchu wakati bado kinaweza kukatwa. Fungua mdomo, utazame ufizi: wa mbwa mzima ni wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole unapauka halafu rangi inarudi mara moja. Ukiukuta mweupe kama karatasi kwa mbwa aliyejaa kupe, mpigie daktari simu siku hiyo hiyo, maana kuna ugonjwa wa kupe unaoivunja damu. Usipime homa kwa kugusa pua, watu wengi wanadanganyika hapo. Nunua kipimajoto. Mbwa mwenye afya ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, kwa hiyo hata akiwa mzima mkono wako utasema ana joto.

Yote hayo yaandike. Jina la mbwa, siku, alichokula, mavi yake yalikuwaje, uzito wake kama una mizani. Mimi nilifanya hivyo katika daftari la shule, na ni daftari hilo, wala si maneno yangu, lililomfanya daktari wa pili anipokee.

Wateja utawapata Golf na Bel-Air, kwenye nyumba zenye mbwa wa kulinda. Usianze na tajiri, anza na sentineli, mlinzi wa nyumba, maana yeye ndiye anayekaa na mbwa usiku na mchana, na mara nyingi ndiye anayemwogopa. Mfundishe kumfunga na kumfungua bila fimbo, utakuwa umeingia nyumba hiyo. Msimu wa mvua kupe ni wengi na kazi ni nyingi. Mwezi wa sita na wa saba usimwoshe mbwa asubuhi, baridi yetu unaijua: ngoja jua lipande, umkaushe vizuri, na watoto wa mbwa uwaache kabisa.

Lakini mbwa peke yao hawatakulisha miaka ya kwanza. Mimi nililipwa unga na sabuni kwa muda mrefu. Pale Katuba penyewe kuna kuku, mbuzi na nguruwe karibu kila ua, na wenye kuku wana hofu ya kweli ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza banda zima kwa siku chache. Dawa ya kuuponya hakuna, chanjo ipo. Ukiwa chini ya daktari anayekuelekeza, kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku inaweza kukulipa haraka kuliko kuosha mbwa. Jambo moja ulishike kama dini: chanjo inakaa kwenye baridi tangu dukani mpaka kwa kuku. Iliyozunguka juani mfukoni mwako mchana kutwa imekufa, na mama wa watu atakuwa amelipa bure.

Kabla ya kushika mbwa wa kwanza, tafuta wewe mwenyewe chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa ninakuomba kama mwanangu. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayerudi. Ukiumwa na mbwa, hata ukiwa umechanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali kuwekewa jiwe jeusi, lile wanalosema linavuta sumu kidondani. Nimewaona waliolitegemea.

Fakilte ya UNILU, Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, isubiri mwaka mmoja. Ulisoma ualimu, kemia na biolojia zitakulemea, basi anza kuzirudia sasa jioni kwa vitabu vya kuazima. Kama baada ya mwaka wa ndoo na burashi bado unaamka unataka wanyama, mpe Baba daftari lako asome mwenyewe, halafu mzungumze habari ya karo.

Mbwa wa Virunga, ndiyo, wapo. Walianzia Rumangabo, Kivu ya Kaskazini, na pua zao zinafuata nyayo za mtu masaa mengi baada ya yeye kupita. Ila wanaowaongoza ni walinzi wa hifadhi, watu waliopita kwanza mafunzo ya ulinzi na silaha. Hifadhi ile ilianzishwa 1925, na imepoteza walinzi zaidi ya 200. Sikukatazi. Nataka uijue kazi unayoiota. Hapa kwetu kuna J.A.C.K., kituo kilichoanza 2006 kutunza sokwe wadogo walionyang'anywa wauzaji. Ukipata nafasi ya kuingia mahali pa namna hiyo, ujue mafua yako madogo yanaweza kumuua sokwe. Ukiwa na kikohozi, kaa nyumbani.

Sasa Simba. Hukuandika kwamba alichanjwa. Kutapika, kuharisha damu, kufa kwa siku tatu akiwa mdogo: nimeyaona hayo mara nyingi, na mara nyingi ilikuwa parvo. Ni kirusi kinachoingia uani kwa kiatu, hata kiatu chako mwenyewe, bila mtu yeyote kukusudia. Kinakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo usilete mwingine upesi. Sementi na vyombo visugue kwanza kwa sabuni, kisha umwage javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, uache dakika kumi. Udongo javeli haiusafishi, kata majani jua lipige. Mbwa atakayekuja awe amekwisha chanjwa kabla hajakanyaga ua huo. Chanjo zinaanza kwenye wiki ya sita au ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, moja haitoshi.

Na ukimaliza kusugua, pita kwa jirani umsalimu. Kama naye ana mbwa, muulize kama amemchanja.