Kumtoa mtu majini na kumrudisha alikotoka

Shehe wangu, umeuliza kosa liko wapi Wazungu wakizuia boti za wahamiaji, "si wanawaokoa?" Kumtoa mtu majini ni kumuokoa, sikatai. Suala ni unakwenda kumshusha wapi. Mei 2009 meli za Italia ziliwachukua Wasomali na Waeritrea kusini ya Lampedusa, kisiwa cha Italia, zikawarejesha Tripoli, Libya, walikotokea. Wenyewe walidhani wanapelekwa Italia! Watu 24 kati yao walishitaki, na Februari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa haki yao.

Mie hata hao mabaharia nawahurumia. Ndani ya boti ya mpira petroli humwagika, ikachanganyika na maji ya chumvi pale chini, na mara nyingi wanaokalishwa hapo kati ni kina mama na watoto. Ngozi huwababuka kama waliomwagiwa uji wa moto. Sasa kijana ampokee mtu wa hivyo mikononi, kisha aambiwe geuza meli. Atalala?

Na sisi Wapemba tusijisahaulishe. Mwaka 2001, baada ya yale mauaji ya waandamanaji ya Januari, wenzetu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwamo. Alikuwa akihadithia kwamba wavuvi wa kule walirusha kamba kwanza, kuulizana majina kukaja baadaye, wakati mashua yao inavuja na wao wanafua maji kwa sufuria ya wali.