Nimerudishia throto, sasa gari inanguruma yenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 injini ya 5A, napeleka abiria Masasi na Newala. Msimu huu wa korosho vumbi limekuwa jingi, gari ikawa inazimika nikikanyaga breki, nikaamua kufungua throto bodi (ile njia ya hewa ya kuingia kwenye injini) mwenyewe nikaiosha, nikatoa mpaka kile kisahani cha ndani na sensa ya pembeni. Nimerudishia vyote hakuna skrubu iliyobaki, lakini sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu, mshale umeganda 1800 kwa dakika hata injini ikishapata moto. Jirani kaniambia nilegeze ile skrubu ya stopa inayozuia kisahani kisifunge zaidi. Nifanyeje? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo skrubu ya stopa usiiguse kabisa, imepimwa kiwandani, ukishaizungusha unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Pedali hujakanyaga na injini inazunguka kasi, maana yake kuna hewa inapita mahali, tuitafute hiyo hewa.

Mimi nashuku kisahani. Kitoe ukishike mkononi utaona kingo zake hazijakatwa wima, zimekatwa mshazari, kwa hiyo kina upande wake, ukikigeuza kinaingia vizuri tu na skrubu zinakaa ila hakizibi. Inua throto uitazame juani, jua la saa sita huko Masasi linatosha, ukiona mwanga umekaa upande mmoja kama mwezi mchanga basi umeshapata jibu. Kigeuze, uache springi ikifunge kijikalie chenyewe katikati ndo ukaze.

Na hapa nakusihi sana ndugu yangu. Zile skrubu mbili ndogo kiwandani huwa zinapondwa ncha zisilegee, wewe umeshazifungua, ukizirudisha kavukavu ipo siku moja itatoka na injini itaimeza. Nimeshatoa skrubu kama hiyo kwenye silinda ya Noah moja hapa Mtwara, kichwa cha pistoni kilikuwa na mashimo mashimo kama kimegongwa na ncha ya msumari, na valvu moja imepinda. Nunua skrubu mpya, weka na gundi ya kukazia nyuzi.

Kisahani kikiwa sawa, angalia waya wa akselereta uwe na ulegevu kidogo, halafu gasketi, wengi wanarudishia ile ile iliyochanika. Kisha washa gari, ubane zile hozi za hewa moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa, mshale ukishuka hapo ndipo panapovuja, ila ya breki busta (inayosaidia breki iwe nyepesi) ibane gari ikiwa imesimama na handbreki juu. Ile sensa ya pembeni nayo ina nafasi ya kuzunguka kwenye skrubu zake, ukiifunga imepinda kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, kwa hiyo sailensi haishuki.

Kitu kingine, kama ulichomoa zile paipu za maji zinazopita kwenye throto, jaza rejeta injini ikiwa ya baridi na utoe hewa yote, maana sensa ya joto ikizungukwa na hewa badala ya maji inaripoti injini bado ya baridi, na injini ya baridi hupandishwa sailensi makusudi.

Ukimaliza chomoa terminali hasi ya betri dakika kumi, rudisha, washa bila kukanyaga mafuta wala kuwasha AC, uiache ipate moto. Mshale ukae kwenye 700 au 800 hivi.