Vurugu za Jioni Huanzia Mchana

Barua za safari hii zimegusa mambo yanayomkuta kila mzazi mwenye mtoto chini ya miaka mitano: kuvaa, kula, kuoga, kulala. Tumezipanga kwa kufuata saa za siku, maana tatizo la saa 1 asubuhi mara nyingi limetengenezwa saa 10 ya jana yake.

SWALI: Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Kumvisha asubuhi ni vita. Nikimpa nguo hii anataka ile, mwishowe analia na mimi nachelewa kazini. Nifanye nini? (Mama mchelewaji)

Mama, kwanza ondoa uchaguzi asubuhi. Usiku kabla ya kulala mtandazie nguo mbili tu, achague moja, nyingine irudi kabatini akiona. Nguo za asubuhi ziweke kwa mpangilio wa kuvaa, ya ndani ikiwa juu kabisa.

Pili, mwachie avae mwenyewe, ila umpe nguo anazoziweza: zenye mpira kiunoni, shingo pana, bila vifungo vidogo. Fulana ilaze kitandani kifudifudi, mgongo wa fulana ukitazama juu na pindo la chini likiwa upande wake. Akiingiza mikono na kichwa kupitia hapo, mbele hukaa mbele. Ukiilaza chali ataivaa kinyume, utamvua urekebishe, na kilio kitaanza upya. Kwa viatu, kata stika moja katikati, bandika nusu ndani ya kila kiatu upande wa ndani wa mguu. Picha ikiungana, viatu vimekaa sawa.

Tenga robo saa nzima kwa kazi hii. Ukimpa dakika tano utamvisha wewe, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kisha piga hesabu ya usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14. Kama wako halali mchana, anahitaji saa 11 na anaamshwa saa 12 asubuhi, basi saa 1 usiku awe amekwisha kusinzia, si ndiyo kwanza anatafutiwa nguo za kulalia. Anayeamshwa kabla usingizi haujamwisha hata umpe nguo ya dhahabu ataikataa.

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu hagusi chakula cha mchana, lakini maziwa anamaliza chupa baada ya chupa. Nimpe dawa ya hamu ya kula? (Mama wa kifungua mimba)

Usimpe dawa. Jibu liko kwenye chupa. Maziwa yanashibisha, na kwa umri huo yakizidi kama mililita 500 kwa siku yanachukua nafasi ya chakula. Ubaya zaidi ni kwamba maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana mnene huku damu inapungua.

Hamisha maziwa kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kikombe, na yaje baada ya chakula. Saa moja na nusu kabla ya kula asipate chochote ila maji. Anza na kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa kila aina ya chakula, aombe nyongeza mwenyewe. Sahani iliyojaa inamkatisha tamaa kabla hajaonja. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa sahani, bila kumbembeleza na bila kumgombeza. Wengi huharibu hapa: sahani imeondoka, baada ya nusu saa biskuti inatokea. Mtoto si mjinga, kesho ataingoja biskuti.

Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara kumi na zaidi kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo kukataa mara tatu si hukumu. Vyakula vya mviringo vikate kwa urefu vipande vinne, na karanga nzima zisubiri hadi afikishe miaka mitano kwa sababu ya hatari ya kupaliwa. Akipungua uzito, au viganja na midomo vikionekana vyeupe, mpeleke akapimwe damu.

SWALI: Wangu ana miaka miwili na nusu. Mchana anakataa kulala, saa 11 jioni anazimika tukiwa kwenye gari, halafu hadi saa 5 usiku yuko macho anaruka. Tumechoka. (Baba na mama)

Hili ndilo swali tulilopata kwa wingi zaidi. Tangu mtoto anapoamka, haja ya usingizi inaongezeka mwilini saa kwa saa, na kila anapolala inapungua. Akilala saa 11 jioni hata kwa dakika 20, amepunguza sehemu kubwa ya usingizi uliokuwa wa usiku. Mnapomlaza saa 2 hana usingizi kabisa, na hapo si ukaidi.

Lengo ni alale mara baada ya chakula cha mchana, tuseme saa 7, na awe ameamka ifikapo saa 9. Hiyo inampa kama saa tano za kuwa macho kabla ya usiku. Msihamishe kwa siku moja. Mwamsheni asubuhi saa ileile kila siku, hata kama jana alilala saa 5. Siku mbili tatu za mwanzo zitakuwa chungu. Asubuhi atoke nje akimbie. Baada ya kula, chumba kiwe na giza, simu na televisheni zizimwe nusu saa kabla. Safari ya gari ikiweza kusogezwa, isogezwe. Isipowezekana, mmoja akae naye nyuma, dirisha wazi, waimbe.

Kumwamsha mchana kunahitaji mkono mwepesi. Fungua pazia, mguse mgongo, mwache akae dakika kumi bila maswali. Anayenyanyuliwa ghafla kutoka usingizi mzito hulia bila sababu anayoijua, na kumuuliza "unalia nini?" kunamwongezea tu.

Siku akikosa kabisa usingizi wa mchana, wa usiku uanze mapema kwa saa nzima. Wazazi wengi hufanya kinyume, wakidhani akichoka zaidi atalala vizuri zaidi. Aliyechoka kupita kiasi huchangamka, hugombana na ukuta, na hulala vibaya. Ama kuacha kabisa usingizi wa mchana, wengi huacha kati ya miaka mitatu na mitano. Dalili yake ni kufika jioni wiki mbili mfululizo akiwa mtulivu.

SWALI: Naogesha wawili peke yangu, wa mwaka mmoja na wa miaka minne. Mpangilio upi ni salama? (Mikono miwili tu)

Taulo, sabuni, nepi na nguo viwe mkononi kabla maji hayajamwagwa. Maji baridi yaingie kwanza, ya moto yafuate, koroga, pima kwa kiwiko. Kiganja kimezoea moto na kinadanganya. Kwa kipimajoto ni nyuzi 37 hadi 38. Mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, tena kimya, bila kurusha maji. Simu ikilia iache ilie. Mlango ukigongwa na ni lazima ufungue, toka nao wote wawili ndani ya taulo. Wa miaka minne asiachiwe ulinzi hata dakika moja. Ukimaliza, mwaga beseni papo hapo.

SWALI: Dawa ya meno kiasi gani? (Msomaji)

Chini ya miaka mitatu, kama punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kama njegere. Ateme, asisukutue. Mkono wa mtu mzima umalizie kupiga mswaki hadi afike kama miaka saba, na baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

SWALI: Wa miaka minne analala saa 2, saa 4 anapiga mayowe, macho wazi, hatutambui. Ni ndoto mbaya? (Babu na bibi)

Wazee wetu, hapana. Ndoto mbaya huja zaidi alfajiri, na mtoto akiamka huieleza na kutaka kushikwa. Huyu bado yuko usingizini. Msimtikise wala msimwagie maji. Kaeni karibu asijigonge, dakika chache zitapita na asubuhi hatakumbuka. Homa na uchovu huchochea hali hii, kwa hiyo someni tena jibu la usingizi wa mchana. Ikiwa hutokea saa ileile kila siku, mwamsheni taratibu robo saa kabla, kwa wiki mbili au tatu. Mwili ukikakamaa, ukitetemeka upande mmoja, au ikitokea mara kadhaa usiku mmoja, mrekodini kwa simu na mwonyesheni daktari hiyo video.